Bonyeza F1 Uendelee

Kompyuta yangu juzi iliniandikia ujumbe. Nimeoa miaka kumi na miwili, nimeshaandikiwa ujumbe wa kila namna, lakini kama huu sijawahi kuuona. Kwa Kiswahili chetu ulisema hivi: Kibodi haionekani. Bonyeza F1 uendelee.

Hiyo F1 yenyewe ni kitufe cha kibodi hiyo hiyo. Nibonyeze wapi, jamani? Kwenye meza?

Aliyeutunga huo ujumbe nina hakika amewahi kukaa kwenye dirisha la ofisi moja ninayoifahamu. Nilipotelewa na kitambulisho, nikaenda kuomba kingine. Dada akasema nilete nakala ya kitambulisho. Nikamwambia, dada yangu, kimepotea. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwelewesha mtoto: "Ndiyo, nimekusikia. Sasa leta nakala." Kumbe alikuwa anafanya mazoezi ya kuwa kompyuta.

Basi, nina kisteshenari changu hapa Mwanjelwa. Kachumba ambako ukitaka kugeuka inabidi mteja atoke nje kwanza. Kopi shilingi 100, kuchapa ukurasa 1,000, na salamu bure. Sipiyu yangu ni ya mtumba, ilikuja imeshatumikia watu huko Ulaya mpaka ikastaafu, mimi nikairudisha kazini kwa mkataba.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba. Wanaoijua Mbeya ya mwezi wa saba nisiwaeleze. Ile baridi ya asubuhi ambayo kabla ya kunawa uso unajikuta unajadiliana na ndoo. Nafungua mlango, mteja wa kwanza tayari amesimama: mzee wa Isyonje, kavaa kabuti mpaka kwenye magoti, kofia ya sufu imefunika masikio. Nikampa shikamoo, nikaongezea na "ugonile", maana mteja wa asubuhi anabembelezwa. Anataka mkataba. Ana ekari moja ya viazi, anamkodisha kijana mmoja kwa laki mbili kwa mwaka. Nikamwambia, mzee wangu, umefika. Mkataba ninao umeshapangwa, majina tu ndiyo tunabadilisha, hata tarehe inajiandika yenyewe. Dakika kumi unaondoka.

Nikamkalisha kwenye ndoo ya rangi niliyoifunika chini juu, nikawasha mashine. Ndipo ukaja ule ujumbe.

Mtaani kwetu ukitaka kujua mafundi ni wangapi, haribikiwa na kitu. Kijana wa bodaboda akasema nipulize kwenye tundu. Mama wa maandazi akasema ni baridi hiyo, hata yeye vidole vimekataa kukanda unga. Mwanachuo aliyekuja kutoa kopi moja ya shilingi 100, tena anadai chenji ya elfu kumi, akasema kwa uhakika kabisa: virusi. Nikauliza, virusi vimekula mpaka mausi? Akasema siku hizi vinakula.

Nikampigia fundi wangu. Fundi wangu muda wote yuko Tunduma. Unaweza ukamwona kwa macho yako hapa Kabwe anakunywa supu, ukimpigia yuko Tunduma.

"Braza, geuza mausi tumbo juu. Taa nyekundu inawaka?"

"Haiwaki."

"Bonyeza Kapsi Loku. Kitaa cha kibodi kinaitikia?"

"Kimya."

"Basi hapo usisingizie programu wala virusi. Umeme haufiki kwenye matundu. Hamisha waya, jaribu matundu ya nyuma."

Matundu ya nyuma! Ni rahisi kusema ukiwa Tunduma. Mimi nikapiga magoti chini ya meza, kwenye vumbi la miaka mitatu na kifuniko cha kalamu nilichomtuhumu mke wangu. Tundu la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu nikachomeka, likakataa, nikageuza, likakataa, nikarudisha vile vya mwanzo likaingia. Sijui nani alibuni kitu chenye pande mbili ambacho unakikosea mara tatu. Hakuna.

"Chomoa waya wa ukutani," akasema fundi. "Halafu shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, iteme umeme uliobaki tumboni."

Nikashikilia. Mzee ananitazama kutoka kwenye ndoo yake.

"Mwanangu, sasa unaikaba?"

"Inatema umeme, mzee."

"Haya. Ila kwetu anayekabwa haamki."

Haikuamka na akili mpya. Ujumbe ule ule, F1 ile ile.

Fundi akakumbuka kwamba mashine za umri ule zina yale matundu mawili ya mviringo nyuma, la zambarau la kibodi na la kijani la mausi. Nikamtuma mpwa wangu nyumbani alete kibodi ya zamani iliyokuwa inazuia mlango wa jikoni usijifunge. Kosa langu nikamtajia jina: ile ya PS2. Mtoto alirudi mbio hivyo sijawahi kumwona, na kibodi kwapani: "Mjomba, PS2 iko wapi? Tunacheza mpira?" Ikabidi nimweleze kwamba hili ni jina la kompyuta za IBM za mwaka 1987, lile tundu limelirithi tu, halina uhusiano na gemu la PlayStation wala mpira. Alivyonitazama, nadhani heshima niliyokuwa nayo kwake imebaki huko huko 1987.

Nikachomeka, kimya. Fundi akaniuliza kama nimezima kwanza, maana tundu lile la mviringo halipendi kushtukizwa mashine ikiwa macho. Nikazima, nikachomeka, nikawasha. Kimya vile vile, tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na harufu ya dagaa kutoka jikoni.

"Basi chomoa tena umeme, fungua ubavu," akasema, "toa betri ndogo, ile kama sarafu. Iache nje dakika 5. Isahau mambo yote ianze upya."

Nilitamani na mimi niwe nayo, hasa kwa ajili ya mwenye nyumba. Nikafungua kwa kisu cha mkate, nikaitoa, nikakaa dakika tano natazama ukuta. Mama wa maandazi akatumia nafasi hiyo kunikumbusha deni la chapati. Nikairudisha, nikawasha. Sasa ina malalamiko mawili: saa imepotea, na kibodi haionekani. Bonyeza F1 uendelee.

Hapo nilikaa chini. Saa nne inagonga. Nimeshapoteza picha za pasipoti mbili na barua moja ya harusi. Fundi naye akasema mtandao wa Tunduma unasumbua, akakata.

Mzee akakohoa.

"Kijana. Hiki kitundu cha mbele hapa, mbona kina jino limelala?"

Nikainama. Ile ndoo ni fupi, sipiyu iko sakafuni, kwa hiyo mzee saa mbili nzima alikuwa ametazamana uso kwa uso na matundu ya mbele ambayo mimi huyaona kwa juu tu. Nikamulika kwa tochi ya simu. Tundu la yuesibii lina kaulimi ka plastiki, juu yake meno manne membamba ya rangi ya dhahabu. La kushoto ulimi umevunjika. Kipande kimebaki ndani kimekaa upande, jino moja limemlalia mwenzake, jingine limejikunja mpaka limegusa ukuta wa bati.

Hapo nikakumbuka Ijumaa jioni. Mwanafunzi mmoja alichomeka fleshi, akageuka na begi lake mgongoni, begi likapita na fleshi. Nikasikia "kach". Akasema samahani kaka, nikasema hamna shida. Tena nilisema kwa tabasamu, kwa sababu alikuwa ametoa kopi 40.

Nikachomoa umeme. Nikachonga njiti ya kiberiti, mzee akashika tochi, nikatoa kile kipande, nikayatenganisha meno moja moja kama mtu anayeamulia wake wenza. Nikaziba tundu kwa selotepu ili asitokee mwanachuo mwingine. Nikawasha.

Vitaa vitatu vya kibodi vikanikonyeza. Chini ya mausi, nyekundu! Mama wa maandazi akapiga kigelegele akiwa na mwiko mkononi, ingawa sidhani kama alijua anashangilia nini. F1 nikaibonyeza mara nne, ya kwanza kwa kazi, tatu kwa hasira. Ikauliza habari za saa, sijui nini, nikaipita. Nimepoteza asubuhi nzima halafu inaniuliza mimi saa?

Fundi alipopigiwa (mtandao wa Tunduma ulikuwa umetengemaa) akasema alijua tangu mwanzo. Bodi ile, alieleza, matundu yake yote pamoja na yale ya mviringo yanakunywa volti 5 kwenye bomba moja. Jino likigusa bati, umeme unavuja, bodi inajifungia yenyewe isije ikaungua. Ni kama mtu mmoja apasue bomba kwenye kona na mtaa mzima ulale na ndoo tupu. Nikamuuliza, kama ulijua, betri umenitolesha ya nini? Mtandao ukasumbua tena.

Nikafungua mkataba, nikaandika majina, mipaka, laki mbili kwa mwaka, nikatoa nakala mbili. Mzee akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikafika juu kabisa kulia, kikasimama.

"Mwanangu. Leo ni tarehe 1 mwezi wa kwanza, 2009?"

Moyo ukanishuka. Betri! Mashine ilikuwa imesahau kila kitu kweli, na bando la kuikumbushia saa sikuwa nalo. Nikanyoosha mkono nichukue karatasi nirekebishe. Mzee akaikandamiza kwenye kabuti. Midomo ikawa inatembea polepole, vidole vya mkono wa pili vinahesabu, laki mbili, laki nne, laki sita, akamaliza mkono, akaanza upya kwenye kidole gumba.

"Acha," akasema. "Usiisumbue tena, imechoka."

Akalipa 2,000 bila kuomba punguzo hata la mia, akainuka kwenye ndoo, akauliza kama mjumbe wa hapa anagonga mihuri siku ya Jumamosi.