Unapalilia mitungule au unalisha mbu?

Jamani, mbu wa mchana hana haya! Yule wa malaria angalau hungoja usiku, ukajificha chandaruani. Huyu mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, ndiye huyohuyo wa homa ya dengi, anakuvamia saa 11 jioni umeinama kwenye mitungule, mikono imejaa udongo. Utampiga na nini, jembe?

Unawasha makumbi. Moshi wote kwa jirani, macho yanakuwasha wewe, mbu yuko kisiginoni anakula. Unapaka dawa, jasho la masika lishaiosha. Haya, paka tena! Na nani kakwambia uvae fulana nyeusi? Rangi za kiza ndizo anazozipenda. Vaa nyeupe, mikono mirefu, suruali ndani ya soksi, wacha wakucheke.

Halafu tazama uani: vifuu vya nazi, tairi bovu, kopo la rangi. Maji kidogo tu, siku 7 hadi 10, kishaota mbawa. "Lakini mimi namwaga!" Umesugua? Mayai yamegandia ukingoni, yanastahimili ukavu miezi, mvua ikija yanaanguliwa. Brashi, kila wiki! Na lile pipa la kumwagilia, kulifunika nako kuna ushuru?