Mafundi Tisa Wamekuwa Mtu Mmoja

Jamani hivi nani aliwaambia watengeneza simu kwamba binadamu ana jina moja, namba moja na siku moja ya kuzaliwa? Aliyewaambia hivyo hajawahi kuishi Dar, na mateso yangu yote ya mwezi huu yametokea hapo.

Iko hivi, kuna harusi ya mtoto wa kaka yangu. Kikao cha kwanza tu cha kamati nikapewa uweka hazina, afu juu yake wakanibandika na ukatibu wa kumbukumbu, sababu eti "huyu si ana kompyuta kwake". Ukiwa na kompyuta hapa mjini ushakuwa wizara. Na kazi yenyewe ikasemwa kirahisi kweli, toa namba za watu kwenye simu weka kwenye kompyuta tupate orodha ya kutuma meseji za michango, tarehe za vikao ziingie kwenye kalenda ya kila mjumbe, na zile picha za sendofu ya binti wa mwenyekiti zitafutwe mpambaji aone rangi. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, kijana ambaye kila kitu kwake ni dakika mbili, akasema, "Shem hiyo unasinki tu, dakika mbili." Unasinki tu! Yaani unaunganisha simu na kompyuta, kilichoko huku kinajinakili kule.

Sasa njoo uone simu yangu. Ina watu elfu na kitu na wenye majina yao ya cheti cha kuzaliwa sidhani kama wanajaza daladala. Kuna Mama Asha Vitenge, Mama Asha Maandazi na Mama Asha Kikoba, watu watatu tofauti na mmoja wao ananidai. Kuna Juma Boda, Juma Boda Mpya na Juma Boda Yule. Kuna Usipokee, kuna Usipokee 2, na kuna Usipokee Kabisa. Afu kuna Fundi. Fundi tu, hana ukoo, wako kama tisa hivi, mmoja wa friji mmoja wa bomba mmoja wa gypsum wengine sijui wa nini lakini siwafuti, fundi hafutwi, ukimfuta leo kesho choo kinaziba.

Na kila mtu ana laini mbili mpaka tatu, ya kupigia, ya kutumiwa hela, na ile anayoiwasha kunapokuwa na ofa ya bando. Namba zingine zimeanza na sifuri saba, zingine +255, mtu yuleyule, namba ileile, ila kompyuta ikiziona inasema hawa ni ndugu wawili. Tena kuna wengine wamelala kwenye laini yenyewe tangu enzi za simu ya tochi, na laini haitaki maneno mengi, jina likifika herufi kumi na nne inakata. Hesabu mwenyewe: Mwenye nyumba, na ile nafasi baada yake, kumi na nne hizo, basi. Nimepanga Tabata, nimepanga Mbagala, nimepanga Kimara, na wote watatu wamebaki Mwenye nyumba, Mwenye nyumba, Mwenye nyumba.

Shemeji akaja Jumamosi. Akaingiza akaunti, akawasha usinki, majina yakaanza kushuka kwenye kioo cha kompyuta nikasema kweli dunia imeendelea. Kompyuta ikatoa pendekezo, eti imeona majina yanayofanana, niyaunganishe? Mi nasema ngoja kwanza, shemeji kashabonyeza Unganisha Zote.

Wenye nyumba wangu watatu wakawa mzee mmoja mwenye majengo matatu. Mafundi tisa wakawa Fundi mmoja, namba tisa, picha ya wasifu ya kijana kavaa suti sijui ilitoka kwa nani. Nikapiga namba ya juu, hallo fundi ile friji imeanza tena, akajibu, "Mzee mi mambo ya nguo, labda kama unataka kuishonea kava."

Na ubaya wa kusinki ndo huo ambao hawakwambii dukani, watu wanachanganya kusinki na kubakapu. Bakapu ni nakala inakaa pembeni, ukiharibu huku kule kupo salama. Kusinki ni kwamba ukiharibu huku, na kule kunaharibika, tena haraka na kwa ufanisi mkubwa, ikakimbia mpaka kwenye tableti ya mtoto ambayo ina akaunti yangu, na mtoto anaijua kwa katuni tu. Hapo ndo utashangaa intaneti ilikuwa na kasi kumbe. Bahati binti yangu wa chuo akaingia kwenye mipangilio akakuta sehemu ya kurudisha majina yalivyokuwa, wanakubali mpaka siku 30 nyuma. Mafundi wakafufuka wote tisa. Shemeji akasema, "Si nilikwambia ni dakika mbili."

Tukaamua basi kusinki ya nini, tutoe faili. Kuna faili linaitwa vCard, linaishia na .vcf, simu karibu zote zinalijua, toleo lake la 2.1 lilitoka 1996, yaani ni kubwa kuliko shemeji. Toleo la 3.0 likaja 1998, la 4.0 likaja 2011, na simu yangu niliyonunua mpyaa kwenye boksi inatoa la 2.1. Nikalifungua kwenye kompyuta nione kilichomo, ni maandishi tu, BEGIN:VCARD, jina, namba, END:VCARD, mtu mwingine, unashuka hivyohivyo. Vizuri. Mpaka ukutane na mtu mwenye emoji.

Mke wangu nimemsevu Mama Watoto na kopa jekundu. Alilitaka mwenyewe lile kopa. Sasa toleo la 2.1 likikutana na herufi isiyo ya kawaida linaigeuza kuwa namba za kompyuta, kwa hiyo aliposimama nyuma yangu na chai yake mkononi akajisoma, Mama Watoto =E2=9D=A4=EF=B8=8F. Kimya. Akauliza hii ndo nini. Nikamwambia hilo ni kopa mama, E2 9D A4 ni kopa. Akasema, "Hili ni kopa?" Nikasema ndiyo, na ile EF inayofuata ndo inalifanya liwe jekundu. Akasema, "Baba, mi nimesoma mpaka kidato cha nne, usinifanye mjinga kwa sababu ya kompyuta." Na ni kweli tupu niliyomwambia! Ningekuwa nadanganya ningetafuta uongo unaoeleweka.

Haya, kalenda. Kalenda mi nilikuwa naiamini, nikajua hii haina majina ya mafundi. Shemeji akaandaa mwaliko wa kikao, Jumapili saa kumi jioni, akautuma kwa wajumbe wote. Kijana huyu kasoma, ana diploma, akaandika 10:00. Kompyuta haijui saa zetu jamani, kompyuta ukiiambia kumi yenyewe inaelewa saa nne asubuhi, ilibidi aandike 16:00. Kwa hiyo Jumapili nusu saa kabla, saa tatu na nusu ibada ya pili imenoga, simu za wajumbe wakristo zikalia kwa pamoja kanisani, wengine wako kwaya, mwenyekiti wetu ni mzee wa kanisa na alikuwa kashika kapu la sadaka.

Kichekesho ni dada yetu yuko Muscat. Kule wako mbele yetu saa moja, sisi tuko +3 wao +4, na kalenda hiyo hesabu inaijua, ukiandika sawa huku kule inajigeuza yenyewe. Shemeji akarekebisha, kwetu ikasoma saa kumi, kwa dada ikasoma saa kumi na moja, safi kabisa, mara ya kwanza mashine imepatia. Sasa dada haamini. Anajua kikao ni saa kumi, na anajua Muscat wako mbele, akaongeza saa lingine mwenyewe juu ya lile la simu, akaingia hewani saa kumi na mbili za kule, sisi huku tushafika ajenda ya mengineyo, akaanza kugomba kwamba tumeanza bila yeye sababu mchango wake ni wa mbali.

Siku za kuzaliwa sizisemi sana. Simu inachota tarehe kwenye akaunti za watu na kuzimwaga kwenye kalenda, na watu wengi wakati wa kufungua akaunti hawana muda wa kuhangaika na tarehe, wazee wengine wenyewe hawana uhakika, wanaweka 1 Januari. Mwaka mpya simu yangu haifai, nusu ya ukoo wamezaliwa siku moja. Afu sikukuu nazo, shemeji kaweka kalenda ya sikukuu za Tanzania kwenye simu, kaiweka na kwenye kompyuta, vikasinkiana, sasa tarehe 7 Julai nina Saba Saba mbili. Kwangu mimi ni Kumi na Nne.

Tuje kwenye picha, ila hapa naomba mtu wa presha akae.

Waya kwanza. Nimechomeka simu kwenye kompyuta, simu inaingia chaji, kompyuta haioni kitu. Nachomoa nachomeka. Kumbe hizi waya za kununua kwenye foleni pale Ubungo nyingi ni za chaji tu, ndani wameweka nyuzi mbili za umeme, zile mbili za kupitisha data wamebana matumizi. Nikaazima waya ya binti. Hapo nayo simu haifunguki mpaka uvute kioo kutoka juu uchague kuhamisha faili, usipochagua inajifanya imekuja kunywa umeme tu.

Shemeji akasema waya wa nini, tupandishe kwa intaneti, akaziwasha zipande zenyewe usiku. Hakuchagua ile sehemu ya Wi-Fi tu. Bando langu la mwezi limelala zima limeamka marehemu. Na zilizopanda ni nini? Picha za mita ya LUKU. Tokeni za tarakimu 20 za mwaka juzi, umeme ushatumika, taa zishazimwa, tokeni zimehifadhiwa ng'ambo. Risiti za sementi. Kabureta, pembe tatu tofauti, nilimpigia fundi aone (yupi kati ya wale tisa sijui). Na asubuhi simu ikanitengenezea video ya kumbukumbu zangu nzuri, kinanda kinapigwa taratibu, kabureta linatokea polepole, linafifia, inakuja sementi.

Afu nafasi ikajaa. Zamani kuna kampuni moja kubwa ilikuwa inapokea picha bure bila kuhesabu kama utakubali wazipunguze ubora, Juni 2021 wakaanza kuhesabu, GB 15 na humo humo kuna barua pepe zako zote. Kwa hiyo sasa hata barua za ofisini hazipokelewi sababu ya kabureta.

Hizo picha za sendofu tulizipata lakini. Zilikuwa kwenye grupu la familia, na picha ikipita kwenye grupu inavuliwa tarehe yake ya kupigwa, inabaki na ya kupokelewa, hivyo sendofu ya mwaka juzi imekaa katikati ya wiki iliyopita pamoja na babu akiwa kijana kavaa bugaluu, kwa mujibu wa kompyuta babu aliivaa Jumanne. Zile zenyewe zilizopigwa siku ile tukaletewa na binti wa mwenyekiti kutoka iPhone yake ya gharama, zikaja zinaishia na HEIC, aina ambayo simu hizo zinapigia toka 2017, tukaenda nazo stesheneri kuchapa, kijana wa stesheneri akaziangalia akasema mzee hizi picha zina virusi.

Nikarudi kwenye orodha, maana kikao cha pili kimefika. Binti akanisaidia tukaitoa kwa CSV, faili la orodha linalotenganisha vitu kwa koma, tukaifungua kwenye ile programu ya mahesabu yenye visanduku, majina huku namba huku, pameng'aa, nikachapa nakala za wajumbe wote, nikavaa na koti.

Sasa ile programu ikiona namba inaanza na sifuri inawaza hiyo sifuri ya nini, hesabu gani inaanza na sifuri, inaifuta bila hodi. Na ile yenye 255 mbele na alama ya kujumlisha ikiiona ndefu inaifupisha na kuikadiria kuwa 2.56E+11, na wakiwa wengi, wote wanakuwa 2.56E+11, Mama Asha Vitenge, Mama Asha Kikoba, mkuu wa shule, mchungaji. Mi sikuona, nilikuwa naangalia koti.

Nikagawa karatasi. Mzee mmoja wa upande wa mke akavaa miwani, akapitisha kidole ukurasa mzima mpaka chini, akarudi juu. Akamnong'oneza wa pembeni. Wa pembeni naye akapitisha kidole. Mwenyekiti akauliza kuna nini wazee wangu.

"Mwenyekiti," akasema yule mzee, "michango bado hatujaanza kukusanya, au siyo?"

"Bado mzee."

"Basi kamati ijue kwamba mweka hazina ameshaanza na sifuri."

Nikasimama kueleza. Nikasema waheshimiwa wajumbe, sifuri zimeliwa na kompyuta. Wakacheka mpaka mama mmoja akatoka nje na soda yake, na shemeji, shemeji huyu huyu, akanyoosha mkono akasema anapendekeza aongezwe mtu wa pili wa kutia saini kwenye hela, na kama wajumbe hawana pingamizi yeye yuko tayari, ni kazi ya dakika mbili.