Fuvu tunalijua, chombo je?

Aliyesoma historia Tanzania anaikumbuka: Zinjanthropus, fuvu la jamii ya binadamu wa kale, Olduvai, 1959, miaka milioni 1.75. Tuliikariri kama namba ya simu. Mwalimu hakutuambia namba hiyo ilipatikanaje, na sisi nasi hatukuuliza.

Haikutoka kwenye fuvu. Mary Leakey alipoliona, mumewe Louis alilikadiria umri wa miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 wakaja Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakapima chembe za madini za majivu ya volkano kutoka tabaka lilelile, na umri ukaruka karibu mara tatu. Sehemu ya potasiamu iliyomo kwenye madini hayo hugeuka gesi ya agoni polepole mno. Mwamba ukiyeyuka agoni ya zamani hutoroka. Ukipoa, hesabu huanza upya, na agoni iliyokusanyika ndiyo inayoonyesha umri. Kasheshe ni kwamba hewa tunayovuta nayo ina agoni, karibu asilimia moja, na ile inayotafutwa ni kiduchu kabisa. Hapo ndipo namvulia kofia John Reynolds, ambaye miaka ya 1950 hukohuko Berkeley alitengeneza spektromita ya kioo, chombo cha kutenganisha na kuhesabu atomu kwa uzito wake. Ilipashwa moto hadi gesi iliyonata kwenye kuta zake ikatoka, kisha ikafungwa wakati wa kupima ili hata tone la sampuli lisipotee.

Kwangu mimi, nusu ya sifa za Zinj ni za kile kioo. Wala sisemi kiabudiwe; vipimo navyo hukosea.

Tazama Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu ambalo sasa linaitwa 1470, chini ya tabaka la majivu ambalo maabara ya Uingereza ilishalipa miaka milioni 2.6. Wengi wakashangilia. Waliokataa walikuwa nguruwe! Visukuku vya nguruwe wa hapo vilifanana na vya bonde la Omo, Ethiopia, vyenye umri wa miaka milioni 2 tu. Ubishi ulichukua miaka, hadi vipimo vipya vikatua karibu na milioni 1.9. Chembe kongwe, zilizosombwa kutoka kwingine, zilikuwa zimejichanganya kwenye sampuli.

Ndiyo maana mtu wa maabara, kabla hajawasha mashine yoyote, huinamia hadubini akitenga chembe mojamoja, kama anayechambua mchele.