Mama Mkwe, Ngisi na Rimoti Iliyogoma Kivukoni

Mama mkwe wangu hataki kabisa kusikia habari za Daraja la Nyerere. Lilifunguliwa 2016, lina mita 680, na ukilipita pale Kurasini unajikuta Kigamboni hata hujamaliza kulalamikia tozo. Yeye kashikilia kwamba bahari huvukwa kwa chombo, na anayeipita juu kwa juu kama kunguru atafika, sawa, lakini asiseme kasafiri. Mkwe habishiwi. Alipokuja kutoka Tanga kutusalimu na akataka kwenda kumwona mdogo wake Kigamboni, tukashika njia ya Feri.

Tulianza sokoni, maana Feri huwezi kufika na mama wa Tanga ukapita samaki bila salamu. Akachagua changu, akachagua ngisi, akateta bei mpaka muuzaji akamwita shangazi. Tukapewa na ndoo. Mfuniko nao tulipewa, ila ulikuwa wa ndoo nyingine. Vyote nikavipakia nyuma ya gari, tukaingia foleni.

Utaratibu wa kivuko unajulikana: abiria wanashuka, wanapita kwa miguu, dereva anaingia na gari peke yake. Nikapangwa katikati kabisa, mbele lori la saruji, nyuma msururu wa magari, ubavuni bajaji zimebanana na guta la magunia ya mkaa. Sijazima injini vizuri nikasikia naitwa kutoka kwenye vyuma vya ukingoni.

"Baba Rehema! Njoo huku kwenye upepo. Na gari ufunge, hapa mjini!"

Nikashuka, nikabonyeza rimoti. Tii. Taa zikakonyeza, nikaenda kwenye upepo.

Safari yenyewe ni ya dakika chache. Kivuko kilipoanza kupunguza mwendo upande wa pili, nikarudi kwenye gari, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, ingawa sijui nguvu inamsaidia nani kwenye kitufe. Kile kitaa chekundu cha kwenye rimoti, ambacho kila siku huwaka, leo hakikuwaka. Nikashika kitasa cha mlango nikavuta taratibu, kwa namna ya mtu asiyetaka majirani wajue.

Majirani walishajua.

"Weka kidevuni, braza," akasema kijana mmoja juu ya bodaboda. "Halafu fungua mdomo."

Msicheke, jambo hilo lipo. Kichwa cha mtu kimejaa maji, na ukiibana rimoti kidevuni mawimbi yake hufika mbali kidogo kuliko ukiishika mkononi. Inasaidia ukiwa umeegesha mbali na hulioni gari. Mimi nilikuwa nimeliegemea. Lakini mtu ukishazungukwa na watu thelathini wenye uhakika, unatii. Nikasimama katikati ya kivuko, rimoti kidevuni, mdomo wazi, nikiligeukia gari langu mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anakuja, akasimama ghafla. Nadhani pale ndipo alipoanza kumhurumia binti yake.

Mzee mmoja wa kanzu akasema tatizo ni mitambo ya bandarini. Hilo nalo si upuuzi: rimoti nyingi za magari ya Japani huongea kwa masafa ya karibu megahezi 315, na mtambo wenye nguvu ukiwa jirani unaweza kuzimeza. Ila asubuhi ileile, palepale Feri, ilikuwa imefungua na kufunga bila shida. Vijana wa magunia wao hawakuwa na nadharia, walitaka kusukuma. Nikawaeleza kwamba gari ni otomatiki, liko kwenye P, breki ya mkono imevutwa, na milango imefungwa. Wakanisikiliza kwa heshima, kisha wakaanza kusukuma.

"Hebu lete hapa," akasema mama mkwe.

Akaichukua rimoti, akaipiga kwenye kiganja mara mbili, pa! pa!, vilevile anavyoipigaga redio yake kule Tanga ikikwama kwenye taarifa ya habari. Akabonyeza.

Tii! Taa zikakonyeza, milango ikafunguka. Kivuko kizima kikalipuka kwa vifijo. Nikanyoosha mkono kwenye kitasa.

"Ngoja kwanza, baba. Tusimsahau Mungu."

Akainua mikono. Mzee wa kanzu akainua yake, kijana wa bodaboda akavua helmeti, hata baharia mwenye kizibao aliyekuwa anakuja kutufokea akasimama. Ningefanyaje? Mkwe wako anaomba dua, wewe unafungua mlango wa gari? Nikainua mikono. Mama akashukuru kwa milango kufunguka. Akaniombea mimi, akamwombea mke wangu, wajukuu kwa majina, marehemu mzee, chombo hiki na manahodha wake. Ilikuwa dua nzuri sana, sina neno.

Tatizo ni kwamba gari la namna ile, ukilifungulia rimoti na usifungue mlango wowote, husubiri kama sekunde 30 tu, likidhani umebonyeza kwa bahati mbaya, halafu linajifunga lenyewe. Mama akafikia mwisho. Watu wakaitikia, "Amina." Na gari nalo, kwa unyenyekevu, likaitikia: tii.

Mama akapiga tena kiganjani. Pa, pa, pa. Rimoti ilikuwa imekwishamaliza fadhila zake.

Hapo kivuko kikagusa ng'ambo na lango likashushwa. Lori la saruji likaondoka. Bajaji zikapenya kushoto na kulia, kila moja ikiniachia ushauri wake dirishani. Nyuma yangu honi zikaanza, kwanza ya adabu, halafu zile za kutaja wazazi. Baharia akaja mbio.

"Bosi, toa ufunguo wa chuma."

"Wa chuma upi? Hili la kitufe."

Akaninyang'anya rimoti, akasukuma kidude kidogo pembeni ambacho siku zote nilidhani ni pambo, akachomoa kiufunguo chembamba. Kumbe kilikuwa humo siku zote. Tundu lake lipo mlango wa dereva, na tundu lile, tangu gari litoke Japani, nadhani hakuna aliyeligusa. Lilikuwa limejaa vumbi na chumvi ya bahari. Ufunguo ukaingia nusu, ukagoma. Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta ya nazi anachojipaka mikononi, akadondoshea tundu matone mawili. (Fundi yeyote atakwambia hiyo ni dhambi, mafuta yananasa vumbi. Fundi huyo hakuwepo kivukoni.) Nikazungusha. Kla!

Nikafungua mlango, na mambo mawili yakatoka kwa pamoja. La kwanza ni harufu. Ngisi aliyefungiwa garini juani, chini ya mfuniko wa ndoo nyingine, ana salamu zake. La pili ni alamu. Gari lililofungwa kwa rimoti likafunguliwa kwa chuma linaamini linaibiwa, nalo lilipiga yowe la kuwaambia watu wa Kigamboni wote. Abiria wa zamu ya kurudi, waliokuwa wanangoja kuingia, wakaniangalia vizuri ili wanikumbuke.

Nikaruka ndani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Kwenye dashibodi ikaja picha ya ufunguo unamulikamulika: hauonekani. Nikauonyesha. Haikusaidia.

"Igusishe!" baharia akapiga kelele kushinda alamu. "Kanyaga breki, rimoti igusishe kwenye kitufe!"

Ndani ya rimoti mna kijichipu kisichohitaji betri. Ukiisogeza rimoti mpaka igusane na kitufe, waya uliozungushwa nyuma ya kitufe unakipa umeme kidogo, nacho kinataja namba yake ya siri. Nikakanyaga breki, nikagusisha upande wenye nembo. Tii. Taa ya kitufe ikawa kijani. Nikabonyeza, injini ikawaka, alamu ikakata katikati ya yowe. Sijawahi kupigiwa makofi na watu wengi namna ile wanaonichukia.

Ng'ambo, hatua chache kutoka kivukoni, alikuwepo fundi saa chini ya mwavuli. Mama mkwe akasisitiza tumalize jambo hili kabla ya kwenda popote. Fundi akabandua rimoti kwa ukucha, akaangalia ndani kwa ile lenzi ya jichoni, akacheka peke yake.

"Hapa panakaa betri ya 2032. Umewekewa 2025."

Upana ni uleule, milimita 20, ndiyo maana iliingia. Lakini unene wa moja ni milimita 3.2 na wa nyingine 2.5, na nafasi iliyobaki mtu aliijaza. Nikamkumbuka yule jamaa wa barabarani aliyenibadilishia betri, jinsi alivyonipa mgongo wakati anafunga. Fundi akachomoa kwa kibano kikaratasi cha fedha kilichokunjwa mara nne. Ukikipiga kiganjani kinasogea, kinagusa, rimoti inafufuka kwa muda. Akakikunjua juu ya meza yake, akakinusa.

"Cha sigara hiki. Unavuta nini, bosi?"

"Sivuti."

"Basi anayevuta ni ufunguo."

Akaweka betri mpya, nikabonyeza, gari likaitikia kule lilikoegeshwa. Nikageuka kumwonyesha mama mkwe. Hakuwa analiangalia gari. Alikuwa anakiangalia kile kikaratasi, halafu mimi, halafu kikaratasi. Akatoa simu kwenye mkoba, akasogea kando kidogo.

Jioni mke wangu alinipokea mlangoni. Hakuuliza safari. Alinivuta karibu, akainusa kola ya shati, akanusa na mikono yote miwili.

"Ngisi," akasema, bado hajaridhika. "Hebu pumua."