Kati ya 1971 na 1972, Inua Kwanza Zulia

Jumamosi iliyopita kijana mmoja ninayemhesabu kama mdogo wangu wa kuzaliwa aliniita nikaione pikapu aliyoinunua, Chevrolet C10 ya mwaka 1972, ambayo alikuwa ameitafuta kwa zaidi ya mwaka mzima. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu na nyeupe, kromu yake iking'aa, na yeye alisimama kando yake kwa furaha ambayo kwa kweli sikutaka kuiharibu. Nikainua zulia la mpira upande wa dereva, nikaweka ncha ya bisibisi pale sakafu inapokutana na ukuta wa mbele wa kabini, nikasukuma kwa kiganja. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini, na kutu ikadondoka chini vipandevipande.

"Lakini kaka, hii ni ya sabini na mbili," akaniambia kwa sauti ndogo.

Ndipo akanisimulia kwamba miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa ameiacha C10 ya mwaka 1971, iliyofifia rangi lakini yenye bati zima, kwa sababu kila aliyemwomba ushauri alimwambia asiguse nyingine yoyote isipokuwa ya 1972. Simlaumu yeye hata kidogo. Ninaowalaumu ni wale wanaoukariri mwaka huo kama dua, kisha hawapo siku ambayo mnunuzi anagundua kwamba amenunua rangi iliyofunika mashimo.

Tuseme wazi kinachotenganisha miaka hiyo miwili. Grili ya mbele ni ileile, taa ni zilezile, fremu ni ileile, breki ni zilezile, na orodha ya injini karibu haikubadilika. Kioo cha kutazamia nyuma, ambacho mwaka 1971 kilishikwa juu kwenye paa la kabini, mwaka 1972 kilibandikwa kwenye kioo cha mbele. Namba ya chasisi ya 1972 iliongezewa herufi moja mwanzoni. Kuna mambo mengine madogo ya ndani ambayo mtu hayaoni mpaka aonyeshwe. Kwamba 1972 ulikuwa mwaka wa mwisho wa umbo lile lililoanza mwaka 1967 ni kweli, na ninaelewa mtu anayeguswa na jambo hilo, lakini kuwa wa mwisho hakuongezi unene wa bati.

Wapo pia wanaovutana kwa upande wa pili, wakidai kwamba ya 1971 ina nguvu zaidi, na ushahidi wao ni vitabu vya kiwanda: injini ya V8 ya inchi za ujazo 350 iliandikwa kuwa na nguvu za farasi 250 mwaka 1971, na 175 tu mwaka 1972. Kilichobadilika hapo ni namna ya kupima. Zamani injini ilipimwa ikiwa peke yake, bila kubebeshwa vifaa vinavyokula nguvu yake. Kuanzia 1972 ikapimwa ikiwa imevaa kila kitu inachovaa ndani ya gari, pamoja na mfumo wa kutolea moshi. Mgandamizo ndani ya silinda ulikuwa umekwisha kupunguzwa tangu 1971 ili injini ziweze kutumia petroli ya oktani ya chini, yaani isiyostahimili mgandamizo mkubwa, kwa hiyo hapo pia miaka hiyo miwili iko sawa. Anayelipa zaidi kwa ajili ya farasi hao 75 ananunua wino.

Mpaka wa kweli katika miaka yote sita upo kati ya 1970 na 1971, na hapa nitasimama bila kuyumba, kwa kuwa ndiko breki za diski zilikoingia kwenye magurudumu ya mbele kama kifaa cha kawaida. Niliwahi kuendesha ya 1969, yenye breki za dramu, yaani ngoma ya chuma inayokabwa kwa ndani, ikiwa imejaa mchanga, kwenye mteremko mrefu, na mpaka leo mguu wangu unakumbuka. Pedeli haikuzama, ilikuwa juu palepale, ngumu, nami nikiikandamiza kwa uzito wangu wote, na gari halikupungua mwendo. Vile vipande vinavyopaswa kuikaba dramu vikichemka hupoteza mshiko, hata pedeli ikiwa ngumu. Diski iko wazi kwenye upepo, hupoa upesi, na hata ikipita kwenye maji hujikausha baada ya mizunguko michache. Mwaka huohuo wa 1971 pikapu za nusu tani zinazovutwa kwa magurudumu ya nyuma zilihama kutoka rimu za nati sita kwenda za nati tano, kwa hiyo hata aliye mbali anaweza kuhesabu nati na kujua anatazama nini. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba ya 1967 yenye ubavu mtupu usio na taa ndogo za pembeni ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, na kwamba vifaa vya mbele vya 1971 na 1972 vinaweza kuhamishiwa kwenye gari la miaka iliyotangulia. Anayeipenda na aichukue, mradi ahesabu gharama ya breki kabla hajatoa fedha.

Ukishauvuka mpaka huo, namba ya mwaka imemaliza kazi yake, na kinachobaki ni kutu. Pikapu iliyozeekea katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na nyingine iliyozeekea jangwani Arizona, haziwezi kulinganishwa kwa mwaka wa kutengenezwa. Anza chini ya kioo cha mbele, kwenye matundu ya kupitishia hewa, kwa sababu majani na vumbi hujikusanya humo, hushika unyevu, na maji hushuka kimyakimya hadi kwenye bati la chini ya mlango, ambako hukila chuma kutoka ndani. Rangi ya nje inapoanza kuvimba, upande wa ndani umekwisha kitambo. Kisha pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye kona za nyuma za kabini. Ikishika juu na kuteleza chini, hapo pamejazwa puti, lile dongo la kuzibia mashimo. Fungua mlango, uunyanyue kidogo kwa ncha, utazame kama nafasi kati yake na kabini ni sawa juu na chini. Ingia uvunguni na tochi, uguse kwa mkono pale kabini inapokaa juu ya fremu. Haya yote hayachukui hata nusu saa, na muuzaji anayekukataza kuinua zulia amekwisha kukujibu.

Kijana wangu alinipa ruhusa nimwulizie ile ya 1971. Ilikuwa imeuzwa. Kwa hiyo jana tumeng'oa kiti na tangi la mafuta lililo nyuma yake, tumechomelea vyuma vya kukaza nafasi za milango kutoka nguzo hadi nguzo, maana ukikata bati la chini bila kukaza, kabini hulegea na mlango haufungiki tena. Upande wa dereva tumeukata wote. Chini ya puti tulikuta tabaka la gazeti lililokunjwa, likiwa bado na unyevu.