Jaji wa barafuni naye asimame aseme

Mkenya akihamia Kanada, majirani humuuliza swali lile lile: wewe unakimbia? Mimi sikimbii. Shuleni Mombasa nilikuwa mtu wa ngoma, na nadhani ndiyo maana hapa Montreal nimenaswa na mchezo ambao kule kwetu pwani hauna hata pa kuchezea: kuteleza barafuni kwa madoido, mtu na viatu vyake vya makali na muziki. Barafu niliyoijua mimi utotoni ni ile ya ukwaju, ya kufyonza kwenye kimfuko nje ya geti la shule.

Mchezo huu una ugomvi wake, na kila majira ya baridi huanza upya. Ashinde anayeruka zaidi au anayecheza vizuri zaidi? Watu wazima watakurudisha Olimpiki ya Sarajevo mwaka 1984, Waingereza Torvill na Dean, waliocheza wawili pamoja, walipomaliza na majaji wote tisa wakawapa 6.0 ya sanaa, alama ya juu kabisa enzi hizo. Vijana watakutajia Ilia Malinin, Mmarekani ambaye Septemba 2022 alitua mruko uitwao akseli, wa mizunguko minne na nusu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya mashindanoni, kisha Machi 2024 akaja hapa hapa Montreal akaondoka bingwa wa dunia.

Tangu mfumo wa alama ulipobadilishwa mwaka 2004, kila kitu barafuni kina bei. Kwa bei za miaka hii, mruko uitwao lutzi, wa mizunguko mitatu, ni alama 5.9, wa mizunguko minne 11.5. Jaji anaweza kuongeza au kupunguza hadi nusu ya bei, kwa jinsi mruko ulivyotoka. Sasa chukua kijana anayeruka lutzi ya minne, akaikamilisha mizunguko yote hewani, halafu akaanguka kwa makalio. Anakatwa nusu ya bei, anapigwa faini ya alama moja, na bado anabaki na 4.75. Lakini katika mchezo huo huo kuna kipande kimoja ambacho kanuni zinamwachia mchezaji nafasi ya kujimwaga apendavyo, bila kuhesabiwa mizunguko wala ngazi za ugumu. Bei yake ni 3.0. Hata majaji wote wakimpa cha juu kabisa, ambacho kwa kipande hiki huzidi nusu ya bei, hakivuki 5.5. Kwa hiyo kuanguka vizuri na kucheza kama malaika vimekaa jirani. Simlaumu anayeruka. Ningekuwa na goti la umri wake ningeruka pia.

Wengi huishia hapo na kusema tupandishe bei ya sanaa. Mimi naona tatizo liko kwingine. Sanaa ina fungu lake kubwa la alama, chini ya vichwa vitatu: mpangilio wa mchezo, uwasilishaji, na ustadi wa kuteleza. Kila kimoja hupewa alama kati ya sifuri na kumi, kwa kupanda robo robo. Mruko ukipungua robo ya mzunguko, kuna jopo la wataalamu linaloirudia video mpaka likubaliane. Uwasilishaji ukiandikiwa 8.75, hakuna kinachofuata. Namba inatokea kwenye skrini, mchezaji anakumbatiwa na kocha wake, anaitwa mwingine. Na ukikaa ukumbini msimu mzima utaona jinsi namba hizo za sanaa zinavyopenda kuwafuata wenye mirukio mikubwa, hata siku wanapocheza kama watu wanaosubiri basi.

Kwetu, katika Tamasha la Muziki la Kenya, jaji hakuwa na raha hiyo. Mkimaliza kundi zima, anasimama mbele ya ukumbi na karatasi zake na anaanza kusema kabla ya kutaja alama. Shule hii, nyayo zenu zilikuwa na uhai lakini mliingia mkitazama sakafu. Ninyi mmevaa vizuri, ila ngoma ya mavuno mmeicheza kama mnaenda msibani. Sisi mwaka mmoja tuliambiwa tunatabasamu kama tunaopigwa picha ya kitambulisho, na ukumbi mzima ukacheka, tukiwemo sisi. Wazazi waliguna. Walimu wa shule pinzani walikuwa na kalamu mkononi, wanaandika kila neno walitumie mwakani. Upendeleo ulikuwepo, nisidanganye, shule za majina makubwa zilijua kupendwa. Lakini mwenye kupendelea ilimbidi atafute maneno ya kuuvika upendeleo wake, na maneno mtu unaweza kuyashika mkia.

Hapa ugenini nimejifunza kwamba namba ndiyo inayohesabiwa kuwa haki, na kunyamaza ni heshima. Mtu hazomei. Mashabiki wanatazama kile kisanduku pembeni mwa skrini, kijani mruko umekwenda vizuri, chekundu umeharibika, kuliko wanavyomtazama mtu aliye barafuni. Hata hivyo nawasifu kwa moja: jioni hiyo hiyo karatasi ya alama inatolewa hadharani, jaji kwa jaji. Haikuwa hivyo siku zote. Baada ya kashfa ya majaji kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, iliyoishia kwa dhahabu mbili kutolewa kwa wachezaji wawili wawili, ISU, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, iliona dawa ni kuficha nani ametoa alama gani. Wakafichana hadi 2016.

Tena nikiwasikia watu wakililia sanaa ya zamani, namkumbuka Surya Bonaly. Mfaransa mweusi, mzaliwa wa Nice, bingwa wa Ulaya mara tano, fedha ya dunia mara tatu mfululizo kuanzia 1993 hadi 1995, dhahabu kamwe. Aliruka kuliko wenzake wengi, naye akaambiwa miaka yote kwamba hana madaha. Kwenye mashindano ya dunia huko Chiba, Japani, mwaka 1994 alishindwa na Mjapani Yuka Sato kwa tofauti ya jaji mmoja, akakataa mwanzoni kupanda jukwaani na akaivua medali shingoni. Mimi miguu ya Sato naipenda; yule alikuwa akiteleza kama hana uzito, na pengine ningemchagua yeye pia. Ila Bonaly alistahili kuambiwa hayo madaha anayokosa yako wapi, mkononi, mgongoni, au kwenye rangi ya mkono wenyewe. Kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 akapiga sarakasi ya kurudi nyuma akatua kwa mguu mmoja, huku akijua imekatazwa, akamaliza wa kumi. Katazo hilo liliondolewa 2024.

Nafasi ya maneno ipo. Kila baada ya makundi kadhaa ya wachezaji, mashine huingia kulainisha barafu na watu wote tunakwenda kununua viazi vya kukaanga kwa bei ya kutisha. Jaji mmoja, akipokezana na wenzake, apewe kipaza sauti wakati huo, dakika tano tu. Watasema majaji wataogopa. Waogope kidogo, mbona wale wa Mombasa walikuwa wanakunywa chai na sisi baada ya kutuumbua. Swali langu mimi lingekuwa dogo: ile 8.75, hiyo robo iliyobaki kufika tisa, mchezaji aliidondosha wapi?