Mfungwa wa Mlango Wangu Mwenyewe

Nyumba ya marehemu babu iko Ujiji, kwenye mtaa wenye miembe mikubwa, nayo ni ya matofali ya udongo. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, shughuli nyingi zilihamia huko bandarini, na kwa jinsi nilivyoikuta nyumba ile siku niliyokabidhiwa funguo, ungedhani fundi wa mwisho kuigusa aliondoka na msafara huo huo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalitaja jambo hili mapema ili ieleweke kwamba yaliyonipata hayakutokana na kukosa shule.

Seremala mmoja mzee wa mtaani alikuja kuupima mlango wa chumba cha uani, akanitajia bei ya mlango wa mninga, nami nikacheka kwa adabu. Alinieleza kwa utulivu kwamba mninga ukishakauka ni mti uliotulia, hauvimbi ovyo masika wala haupindi kiangazi. Nikamjibu kwamba mlango ni mlango. Alipoondoka nilinunua mbao za paini, randa ya mtumba na pakiti ya misumari, nikaingia kazini.

Kuna jambo moja nililipatia, na naomba lihesabiwe kabla ya mengine. Miaka ya nyuma mtu alizipiga kuta zile lipu ya saruji, ikawa inabanduka mapande kwa mapande, kwa sababu udongo hufyonza unyevu kutoka ardhini na saruji huuzuia usitoke. Niliibandua yote, nikapiga lipu ya chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue. Vilevile niliweka nondo mpya dirishani, nikazizamisha kwenye zege kwa kina ambacho hata benki isingedai zaidi.

Mlango niliufunga mwishoni mwa Septemba, vumbi likiwa bado linatimka. Uliingia kwenye fremu sawasawa, hata karatasi ya mtihani haikupata pa kupenya, nami nikawaita majirani waje kushuhudia. Sikuupaka rangi, kwani nilitaka kumaliza kuta kwanza. Bawaba nilizilainisha kwa mawese, kitu ambacho Kigoma hakikosekani katika nyumba yoyote, na sisimizi wakapanga foleni siku hiyo hiyo. Mkono wa mlango nilioufunga kwa ndani niliushikiza kwa skrubu nne fupi zilizobaki kwenye kopo, na habari zake zinakuja.

Jumamosi moja ya katikati ya Novemba, mvua zikiwa zimekwisha kukolea, nilikuwa chumbani humo nikipaka chokaa. Mlango wa mbele nilikuwa nimeutia komeo, maana watoto wa mtaani walikuwa wakiingia kila baada ya dakika tano kuniuliza, "Mwalimu, unapaka nini?" Upepo ulipoanza kusukuma manyunyu kutoka ukumbini, niliubamiza mlango wa chumba kwa bega. Ulilia kidogo, kisha ukazama kwenye fremu kama kizibo kwenye chupa, nami nikafurahi kwamba sasa hata upepo haupiti.

Nilipotaka kutoka kwenda kunywa chai, nilivuta. Nikavuta tena kwa nguvu zaidi, huku mguu mmoja nikiwa nimeukita ukutani, na nilichokipata ni mkono wa mlango ukiwa mkononi mwangu pamoja na skrubu zake zote nne. Niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa nikatafakari. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi kwamba chuma hutanuka kikipata joto. Sikuwahi kuwafundisha kwamba ubao hunenepa ukinywa unyevu, tena hunenepa kwa upana, urefu wake ukibaki karibu vilevile. Mlango wangu ulikuwa na mbao tano zilizosimama bega kwa bega, na kila moja ilikuwa imekunywa sehemu yake kwa muda wa wiki tatu.

Simu yangu ililia sebuleni. Ilikuwa mlio wa mke wangu. Ikalia mara sita.

Mvua ilipokatika nilisogea dirishani nikaanza kuita. Watoto waliokuwa wakitoka madrasa walisikia sauti ya mwanamume ikitoka kwenye nyumba wanayojua kuwa haina mtu, wakatimua mbio bila kuuliza. Angalau walikwenda kusimulia, kwa sababu baada ya nusu saa lilijaa kundi la watu wazima nje ya dirisha. Mmoja alipendekeza wakate nondo, wakashindwa kuzitikisa. Mwingine alitaka ukuta utobolewe, nikamsihi asiguse lipu yangu. Kisha kundi likampisha yule seremala mzee.

Mtu aliyefungiwa hasamehewi salamu. "Shikamoo, mzee," nikasema, uso nikiwa nimeubana katikati ya nondo mbili.

"Marahaba, mwalimu. Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Mama watoto hajambo? Watoto je? Na shule?"

Wote walikuwa hawajambo. Baada ya hapo ndipo aliponiuliza kama nina nyundo. Ninayo. Na msumari mnene? Ninao. Na bawaba ziko upande gani?

Nilizitazama. Zilikuwa upande wangu, zinang'aa kwa mawese, na nilikuwa nimekaa nazo ana kwa ana kwa muda wa saa mbili. Alinielekeza nizigonge pini kutoka chini kwenda juu, zikatoka kama zilikuwa zikiningoja. Kisha akaniambia niing'ang'anie bawaba kwa kucha za nyundo na kuvuta upande huo. Nilivuta mara tatu. Mara ya nne mlango uliniangukia wote, nami nikauangukia mtungi wa chokaa uliokuwa nyuma yangu.

Nilipofungua komeo la mbele, nikiwa mweupe kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, watoto wa madrasa waliokuwa wamejipa moyo wa kurudi walipata uthibitisho wao.

Mzee aliuranda mlango kidogo sana, akanionya nisiongeze, kwamba kiangazi utajipunguza wenyewe. Alipoondoka nikauona bado unakwaruza, nikachukua randa nikaongeza.

Ilipofika Julai, ufa ulikuwa umetosha mjusi kupita bila kujibana. Mzee alipita siku moja, akaingiza kidole gumba kwenye ufa ule, akakizungusha humo, akanigeukia.

"Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mama watoto hajambo? Watoto je? Na shule? Na mlango, haujambo?"